Swali la lugha: "Megawati kwa saa" na umeme wa upepo baharini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala kuhusu mitambo ya upepo ya Hywind iliyoko bahari ya Uskoti. Nimeandika hivi: "Shamba chotara la upepo lililoko nje ya pwani lina betri ya baharini yenye uhifadhi wa nishati wa megawati 1.3 kwa saa." Mwenzangu kaisoma akasema haifai, ila hakunieleza kwa nini. Na programu inayoamua umeme uende wapi, niiite ya menejimenti? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Sentensi yako inaeleweka nusu, na nusu inayopotea ndiyo habari yenyewe. Nianze na kosa zito, hilo la "megawati 1.3 kwa saa". Mengine karibu yote ni suala la kuchagua neno.

"Kwa" ikikaa kati ya vipimo viwili hugawa. Kilomita 80 kwa saa, shilingi 3,000 kwa kilo: kimoja kimegawanywa kwa kingine. Megawati tayari ina muda ndani yake, kwa kuwa inaeleza umeme unatoka kwa kasi gani. Ukiandika "megawati kwa saa" umegawa kwa muda mara ya pili, na mhandisi akikusoma atadhani unazungumzia jinsi uzalishaji unavyopanda au kushuka. Umeme uliomo kwenye betri hupatikana kwa kuzidisha, megawati mara saa. Kwa hiyo andika "megawati-saa", kwa kistari, bila hiyo "kwa". Kosa hili naliona magazetini karibu kila habari ya umeme inapoandikwa, na linaniuma kwa sababu wasomaji wetu kipimo hiki wanakijua vizuri. Uniti ya Luku ni kilowati-saa moja. Pasi ya kilowati 1 ikiwaka mfululizo kwa saa moja imekula uniti moja. Ikiwaka nusu saa, imekula nusu. Basi megawati-saa 1.3 ni uniti 1,300.

Sasa itazame betri yenyewe. Inaitwa Batwind, ilianza kazi mwaka 2018, na ina namba mbili: megawati 1 na megawati-saa 1.3. Ni kama tangi la maji: namba ya pili ni ukubwa wa tangi, ya kwanza ni upana wa bomba lake. Ikitoa umeme kwa nguvu zake zote, inakauka baada ya saa moja na dakika 18 hivi. Hywind kwa upande wake ina mitambo mitano inayoelea, kila mmoja wa megawati 6, jumla megawati 30. Upepo ukivuma sawasawa, mitambo hiyo huzalisha uniti 1,300 kabla dakika tatu hazijaisha. Msomaji akizipata namba hizi zimeandikwa vizuri, anatambua mwenyewe kwamba betri hii haikuwekwa ili iwashe taa za Uskoti usiku ambao upepo umelala. Kazi yake ni kusawazisha, yaani upepo ukiyumba, umeme unaoingia kwenye gridi usiyumbe nao sana. Hilo sentensi yako haikulisema, na haikuweza kulisema, kwa sababu kasi na kiasi vimechanganywa.

Neno "uhifadhi" nalo lina mtego. Tunahifadhi misitu na wanyama, na mtoto wa madrasa anahifadhi Kurani. Ukisema "uhifadhi wa nishati" bila kutaja chombo, wengi watafikiri ni kuzima taa zisizo na kazi. Jambo hilo lina jina lake: kubana matumizi. Kwa betri, taja chombo na utumie kitenzi, "umeme unahifadhiwa kwenye betri". Ukitaka nomino, "akiba ya umeme" inatosha. "Kulimbikiza" silipendi hapa. Tumelizoea kwenye malimbikizo ya madeni na mishahara, yaani vitu vilivyorundikana kwa kuchelewa, wakati umeme wa betri huingia na kutoka mara nyingi.

"Chotara" ni la mbegu na mifugo: wazazi wawili wamezaa kitu cha tatu, na huwezi tena kuwatenganisha. Vyanzo vya umeme vinavyofanya kazi pamoja havifiki huko, kila kimoja kinabaki na tabia yake, kama vyama katika serikali ya mseto au miti na mahindi katika kilimo mseto. Sema mseto. Lakini usiliweke kwa Hywind, maana pale chanzo ni upepo peke yake na betri haizalishi kitu. Mfano unaostahili jina hilo uko Uholanzi. Hollandse Kust Noord, mradi wa Shell na Eneco wa megawati 759 wenye mitambo 69, ulibuniwa ili upepo ufanye kazi pamoja na paneli za jua zinazoelea, betri na mtambo wa kuzalisha hidrojeni.

"Nje ya pwani" ni tafsiri ya neno kwa neno. Sisi tunasema baharini, na kinyume chake nchi kavu. Na hapo umekosea jambo, si neno tu: Batwind haiko baharini. Iko nchi kavu, katika mji wa Peterhead huko Uskoti, kule umeme wa mitambo unakofikia. "Shamba" liache kama lilivyo. Wapo wanaolikataa wakidai shamba ni la udongo, lakini akina mama wa Zanzibar wana mashamba ya mwani ndani ya maji tangu miaka ya 1980 inaishia, na hakuna aliyewauliza udongo uko wapi.

Mimi ningeandika: "Shamba la upepo la Hywind, lililoko baharini, limeunganishwa na betri iliyoko nchi kavu. Betri hiyo inaweza kutoa hadi megawati 1 na kubeba akiba ya megawati-saa 1.3."

Kuhusu programu, "menejimenti" inanukia ofisi na vikao. "Usimamizi" ni afadhali, ila humfanya msomaji amwone mtu amesimama juu ya kazi ya wengine. Programu hizi hupima upepo, hali ya betri na mahitaji ya gridi, kisha huamua umeme huu uuzwe sasa, uingie betrini au upelekwe kutengeneza hidrojeni. Huko ni kuratibu, kwa hiyo iite "programu ya kuratibu umeme". Na ukiitaja mara ya kwanza, eleza kwa sentensi moja inaratibu nini na nini.