Waja leo, waondoka leo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini gari linalotamba kwao likifika ugenini hushindwa? Mimi ni dereva wa Noah, Tanga–Lushoto, nami nasema gari huundwa kwa barabara za kwao. Ugenini linakutana na barabara ambayo fundi aliyelichora hakuiota.

Ukisimama hapa Ngamiani utahesabu Toyota mpaka uchoke. Basi kampuni hiyohiyo iliwahi kuumbuka Marekani. Oktoba 1957 ilifungua ofisi California, ikapeleka Toyopet Crown. Japani Crown ilikuwa teksi ya heshima, nzito na ngumu, maana barabara nyingi za kule bado zilikuwa vumbi na mashimo. Kule California dereva anakanyaga mafuta na hapunguzi, na injini yenyewe ni ya lita moja na nusu. Ikawa inatetema, inachemsha. Mwaka 1958 ziliuzwa 287. Nchi nzima ile! Kufika mwisho wa 1960 wakaacha kuipeleka.

Ile injini naionea huruma. Kutoka Mombo kupanda Soni, gari limejaa watu, nazi na dagaa juu, mshale wa joto unapanda nawe kona kwa kona. Nazima AC. Abiria wa mbele anaacha hadithi yake katikati, naye anautazama mshale.

Wajapani hawakufunga virago. Duka walilishikilia kwa Land Cruiser, na 1965 wakaleta Corona yenye injini ya lita 1.9, na gia za otomatiki kwa anayezitaka, kama Wamarekani walivyopenda. Hapo ndipo walipoanza kuuza. Ford nayo ilijaribu Japani miaka mingi; 2016 ikaondoka.

Ila barabara si kila kitu, kuna spea. Kaka yangu alinunua gari la Ulaya, jina nalihifadhi, tamu kuliendesha kuliko hili langu, siwafichi. Ikafa sensa moja, kifaa cha gari cha kuhisi, ndogo kama kizibo cha soda. Tanga nzima hakuna, Dar wakasema iagizwe. Gari likakaa uani miezi, kuku wa shemeji akaatamia chini yake, akaangua, akaatamia tena. Sensa ilipofika, kaka alikuwa keshanunua Toyota Probox, na shemeji hataki kuku wake wasumbuliwe.

Msomaji, Ngamiani, Tanga