Kabla ya kusaini, omba ufunguliwe maabara

Vijana wanaomaliza ualimu Mkwawa na vyuo vingine vya huku kwetu huniuliza kama wasubiri ajira za serikali au waombe kwenye shule za Kanisa. Mimi nimefundisha fizikia na hisabati katika shule za Kikatoliki tangu nitoke chuo, kwanza seminari, kisha shule ya masista. Nawajibu: nenda. Lakini kabla ya kusaini mkataba, omba ufunguliwe maabara.

Usione aibu. Angalia kama bomba linatoa maji, kama biureti (mirija ya kupimia vimiminika) na vipimajoto vinatosha, kama vifaa vina vumbi la mwaka mzima. Palipo na maabara isiyofunguliwa, wanafunzi hushika biureti kwa mara ya kwanza mtihani wa taifa ukiwa mlangoni, na wewe unabaki kuchora ubaoni vitu ambavyo wangepaswa kuvishika.

Hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Wanafunzi wengi wakipima huandika 100, kwa kuwa kitabu kimesema 100. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea kipimajoto: "Mwalimu, hiki kibovu." Nikampa kingine, kikasoma vilevile. Cha tatu, vilevile. Darasa likaanza kubishana lenyewe kuhusu mgandamizo wa hewa, na ubishi ukaendelea hadi prepu ya usiku. Hapo ndipo ninapozipendea shule hizi: nyingi ni za bweni, watoto wapo jioni na Jumamosi, na swali halikatwi na kengele.

Watakuuliza pia kuhusu uumbaji. Usikwepe. Waambie kwamba Georges Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kuwa ulimwengu unatanuka, alikuwa padre wa Ubelgiji, na Gregor Mendel, aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa. Unachokisema mbele ya darasa, kiseme hivyohivyo mbele ya Baba Gombera, padre mkuu wa seminari. Sijawahi kuzuiwa.

Kuhusu maslahi, Sista akikupokea kwa upendo, shukuru, kisha omba karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na likizo yako ya mwaka ni siku 28. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ifuatilie mwenyewe: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10. Mahali fulani nilipofanya kazi, makato yalionekana kwenye hati ya mshahara huku michango haifiki kwenye mfuko. Tuliandika barua walimu wote kwa pamoja, kwa heshima, tukaambatisha taarifa zetu za NSSF, na deni likalipwa. Mwalimu mmoja peke yake asingesikika.

Na kama si Mkatoliki, omba tu. Nimefundisha pamoja na Wamoraviani, Walutheri na Waislamu. Wakuu wa shule hutafuta walimu wa hisabati na sayansi kuanzia Novemba, kabla ya kufungua Januari. Peleka barua mwenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, ili mtu wa maabara awepo na ufunguo wake.