Chuo Kidogo Hakina Pa Kujificha

Juma lililopita, mara baada ya ibada ya asubuhi, nilimwona mwanafunzi wa mwaka wa pili akijibanza nyuma ya nguzo ya kanisa la chuo hadi mhadhiri wake alipopita na kutokomea. Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu nguzo hiyo hiyo niliwahi kuitumia mimi. Leo ni mkufunzi msaidizi katika chuo kile kile cha Kilutheri nilichosomea, chenye wanafunzi wachache kiasi kwamba wapishi wa bwaloni huwajua kwa majina wote wanaochelewa kuamka, na kila mwaka nawaona wageni wakiyafanya makosa yetu ya zamani kwa bidii kubwa, kana kwamba waliyarithi pamoja na vitanda vya bweni. Wadogo zangu, nimechoka kunyamaza.

1. Someni silabasi siku ile ile mnayopewa. Sitaongeza neno.

2. Msizidharau kozi za lazima. Kila mwanzo wa mwaka nasikia lile lalamiko la kwamba mtu aliyekuja kusomea uhasibu hana haja ya theolojia, historia wala muziki. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na maktaba, na humo alitaka watoto wafundishwe lugha, historia, muziki na hisabati, maana aliona kwamba mji unahitaji watu wa kuutawala vyema kama vile kanisa linavyohitaji wahubiri. Vyuo vyetu vimeubeba mzigo huo hadi leo, nanyi mtaubeba. Mwenzangu mmoja wa idara ya hisabati alichukua Kiyunani ili kujaza krediti tu. Darasani walikuwa watano, wanne kati yao wakijiandaa kwa uchungaji, na akiugua mmoja waliobaki waliulizwa maswali maradufu, kwa hiyo alilazimika kusoma hata usiku ambao hakutaka. Aliishia kuandika tasnifu kuhusu Euclid, mwanahisabati wa Wayunani wa kale, akimsoma kwa Kiyunani chenyewe, na hadi leo anadai kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo.

3. Mkialikwa, jibuni. Hapa itanibidi nijivue nguo.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mhadhiri mmoja wa historia alinisimamisha nje ya maktaba, akaniambia kwamba anaanza kuorodhesha barua za wachungaji waanzilishi wa chuo, ambazo zilikuwa zimelala kwenye makasha kwa miaka mingi, na kwamba angependa nimsaidie wakati wa likizo. Nilimjibu, “Nitafikiria, mwalimu.” Ukweli ni kwamba sikufikiria chochote. Niliamini kuwa ile ilikuwa lugha ya adabu tu, na kwamba nafasi ya kweli ingebandikwa ubaoni ikiwa na fomu, muhuri na tarehe ya mwisho. Nikawa nasubiri tangazo, nisijue kwamba tangazo lilikuwa ni yeye mwenyewe, amesimama mbele yangu na funguo za makasha mkononi.

Juma la kwanza lilipopita niliona aibu ya kuchelewa. La pili aibu hiyo ikazaa aibu nyingine, ya kueleza kwa nini nimechelewa. Kufikia la tatu nilikuwa bingwa wa njia za nyuma. Nilizijua saa zake za maktaba nikaingia akishatoka, na bwaloni nilikula mapema kama mgonjwa. Katika chuo kikubwa huenda ningefaulu. Jumapili ya juma la tano niliingia kanisani nimechelewa, nikaketi penye nafasi, na ulipofika wakati wa kupeana amani mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka na kuninyoshea mkono. Alikuwa yeye. “Amani ya Bwana iwe nawe,” akasema, akitabasamu bila kinyongo chochote. Nami, mbele ya madhabahu na kwa sauti iliyosikika hadi benchi la tatu, nikajibu, “Nilikuwa naumwa, mwalimu.” Akasema, “Pole,” kisha akamgeukia mwingine.

Kazi ya makasha ilifanywa na msichana wa mwaka wa kwanza ambaye alama zake hazikuwa bora kuliko zangu. Yeye aliulizwa, akajibu. Mwaka wangu wa mwisho, nilipotaka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili, nilimwendea mhadhiri yule yule siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, nikiomba barua ya mapendekezo. Alifunga kitabu alichokuwa akisoma, akaniambia, “Naweza kuandika kwamba una alama nzuri, lakini hilo wataliona kwenye matokeo yako. Niandike nini kingine?” Hakuwa akinikomoa, maana alikuwa ameshika kalamu na aliuliza kwa nia ya kuandika. Nilitazama rafu za vitabu, nikatazama dirisha, na sikuwa na kitu cha kumpa. Barua aliiandika, fupi na ya kweli, na nafasi nikaikosa. Ilinichukua miezi mingine kabla sijarudi kumuuliza kama kuna makasha yaliyobaki. Yalikuwapo mawili.

4. Barua ya mapendekezo huombwa majuma manne kabla, ikisindikizwa na wasifu wenu na maelezo ya kile mnachokiomba.

5. Msihame meza mkimwona mhadhiri anakuja na sahani yake. Wanafunzi waliokula mezani kwa Luther, kule Wittenberg, waliyaandika aliyokuwa akiyasema, na maandishi hayo yakachapwa mwaka 1566, miaka 20 baada ya kifo chake, yakiwamo maneno ambayo nadhani angependelea yaishie mezani. Siwaambii mwende bwaloni na madaftari. Lakini mada ya tasnifu yangu niliipata kwenye mabishano juu ya nani alikunywa chai ya nani.

6. Kwaya hupokea hata wasiojua kuimba. Mimi ni ushahidi wa jambo hilo, na kiongozi wa kwaya ameniomba niishie hapo.

7. Kwako wewe wa nyuma ya nguzo: sijui mhadhiri wako alikualika kwa kazi gani, wala si juu yangu kujua, lakini juzi aliniuliza kama unaumwa, nikakosa la kumjibu. Jumatano huwa ofisini kuanzia saa nane mchana, na mlango wake haufungwi.