Xfce, GNOME au i3? Angalia mashine yako na mtu atakayeikalia

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, watu wanaoniletea kompyuta hapa Mtwara mjini wameongezeka. Wengi wana mashine za mtumba, zile Dell Latitude na HP ProBook za karibu miaka kumi nyuma, ambazo Windows 11 inazikataa kwa sababu ya prosesa au kwa kukosa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Mashine zenyewe ni nzima, kibodi nzuri, kioo safi. Nikiwaambia tuweke Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, wanakubali. Kigugumizi kinakuja baadaye: wamepita YouTube, wameona sura za Linux chungu nzima, Xfce, GNOME, i3 na nyingine, kila moja na wapenzi wake, na hawajui wachukue ipi.

Mimi nina steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, nasaidia wanafunzi kujaza maombi ya mkopo, na pembeni naweka Linux kwenye mashine za walimu, wanachuo na makarani wa vyama vya msingi vya korosho. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama mashine yako ina RAM ya GB 4 na wewe si mtu wa kuchezea kompyuta usiku kucha, weka Xfce ufanye kazi yako. Anayetaka kingine awe na sababu anayoweza kuitaja.

Kwanza tuelewane tunachochagua. Kwenye Windows, mfumo na sura yake vinakuja pamoja, huchagui. Kwenye Linux vimetenganishwa. Unaweza kuweka mazingira ya deskitopu, yaani kifurushi kizima: paneli, menyu, programu ya kufungulia mafaili, mipangilio ya sauti na waifai, kufunga kioo kwa neno la siri, onyo la betri. Humo ndimo zilimo GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE na LXQt. Au unaweza kuweka meneja wa madirisha peke yake, ambaye kazi yake ni kupanga madirisha kwenye kioo basi, na hayo mengine yote uyatafute mwenyewe. Huko kuna i3, Sway, Openbox, IceWM na ndugu zao. Printa, intaneti na LibreOffice, programu ya kuandikia barua na majedwali, havijali umechagua nini. Vitafanya kazi kote.

Sasa RAM. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `free -h`, utazame safu ya kumbukumbu iliyotumika kabla hujafungua kitu chochote. Kwenye mashine ninazozishika, Xfce na LXQt huwa zinacheza kwenye nusu GB au zaidi kidogo, Plasma inakaribia GB 1, GNOME inaipita. i3 iko chini ya zote. Namba hizo hubadilika kulingana na toleo, kwa hiyo pima mwenyewe. Halafu fungua Firefox, ingia Gmail, fungua na kurasa nyingine kadhaa, kisha pima tena. Utaona kwamba mlaji mkubwa ni kivinjari, na deskitopu inafuata kwa mbali.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana. Mwenye GB 2 akiokoa nusu GB ameokoa robo ya kila alichonacho, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuandika barua huku ukurasa wa maombi ukiwa wazi na kukaa unatazama mausi imeganda. Mwenye GB 4 ataihisi kidogo. Mwenye GB 8 hataiona kabisa, na huyo namwambia achague kinachompendeza macho, asisumbuliwe na mtu wa kumwambia GNOME ni nzito.

Kuna jambo wauzaji wa mashine za mtumba hawalisemi na mimi nalirudia kila siku: kama ndani kuna diski ya zamani ile inayozunguka, ibadilishe uweke SSD, diski isiyozunguka, kabla hujaanza kubishana kuhusu deskitopu. Hakuna mazingira, hata yawe mepesi vipi, yatakayokupa wepesi unaolingana na huo. Nimeona Cinnamon kwenye SSD ikiiacha mbali LXQt kwenye diski ya kuzunguka, mashine za aina moja, RAM sawasawa.

Kioo nacho kina usemi. Mashine nyingi za mtumba zina kioo cha 1366 kwa 768, na urefu huo ni mdogo. GNOME huweka vichwa vya madirisha vinene na kuacha nafasi kubwa kati ya vitu. Kwenye kioo kikubwa inapendeza sana, kwenye kioo hiki unapoteza mistari kadhaa ya jedwali lako. Kwa karani anayeingiza kilo za wakulima mstari baada ya mstari, mistari hiyo ni kazi. Xfce unaweza kuipunguza paneli mpaka ibaki nyembamba, au ukaiamuru ijifiche.

Baada ya mashine, mtu. Hili naliona ni zito kuliko RAM, na ndilo watu wanalolipita haraka.

Chukua karani wa chama cha msingi msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada inapamba moto, stakabadhi zinaandikwa, wakulima wamekaa nje wanasubiri kujua mzigo wao umefikia wapi. Karani huyo amekulia kwenye Windows 7. Vidole vyake vinajua menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, dirisha likipunguzwa linashuka chini. Ukimpa GNOME ile halisi, kama inavyokuja kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, hakuna kitufe cha kupunguza dirisha, hakuna aikoni kwenye deskitopu, na programu anazitafuta kwa kubonyeza kitufe cha Windows. Waliobuni hivyo mwaka 2011, walipotoa GNOME 3, walikuwa na hoja zao, na aliyezoea anaenda kasi kweli. Lakini watu wengi waliikataa mwaka huohuo, na ndiyo maana MATE ikazaliwa kuendeleza GNOME 2, na waliokuwa wanatengeneza Linux Mint, toleo jingine la Linux, wakaanzisha Cinnamon. Karani wako hana muda wa kujifunza upya katikati ya mnada.

Huyo namwekea Linux Mint toleo la Xfce. Wenyewe Mint wanasema GB 2 za RAM zinatosha kuanzia, na GB 4 ndizo za kufanya kazi kwa raha. Paneli moja chini, menyu kushoto. Naongeza ukubwa wa maandishi kidogo, maana wengi wao macho yameanza kuchoka. Naweka aikoni za LibreOffice, Firefox na folda ya nyaraka juu ya deskitopu. Kama mashine ina kadi ya picha ya Intel ya zamani na madirisha yanasuasua yakivutwa, naingia kwenye mipangilio ya meneja wa madirisha nazima vivuli na uangavu. Kioo kinakuwa hakina mapambo, lakini kinaitika papo hapo. Kisha namkalisha afanye mwenyewe mbele yangu: achomeke flashi, afungue faili, achape ukurasa mmoja, atoe flashi. Akimaliza bila kuniuliza, mashine iende kwake.

Na hapa kwenye flashi ndipo ninapotaka kusema na vijana wanaotaka i3.

Mimi mwenyewe naitumia i3 na naipenda kwa moyo wote. Michael Stapelberg aliitoa mwaka 2009, na wazo lake ni rahisi: madirisha hayapandiani, yanagawana kioo. Kitufe cha Windows na Enter kinafungua terminali, ukishikilia na namba unahama kutoka ukurasa wa kazi mmoja hadi mwingine. Nikiwa nachapa barua ya mteja, namba 1 ina barua, namba 2 ina kivinjari, namba 3 ina skani ya cheti chake, na mkono wangu hauachi kibodi. Mipangilio yote iko kwenye faili moja la maandishi, `~/.config/i3/config`. Nikihamia mashine nyingine nalinakili faili hilo na i3 yangu inanifuata. Kwa mtu anayeandika kutwa, sijaona kinachoizidi.

Lakini kijana mmoja wa chuo alinijia amejiwekea i3 mwenyewe, kwa bidii kabisa, akachomeka flashi ya kazi ya kikundi. Kimya. "Mjomba, flashi imekufa?" Flashi haikuwa imekufa. Kwenye Xfce, kuna programu ndogo inayokaa inasikiliza, flashi ikiingia inaifungua. Kwenye i3 tupu hakuna anayesikiliza. Tuliweka `udiskie`, tukaandika mstari mmoja kwenye faili la i3 ili ianze kila anapoingia, flashi ikaonekana. Ndivyo ilivyo kwa mengi: aikoni ya waifai haipo mpaka uite `nm-applet`, taarifa hazitokei mpaka uweke kitu kama `dunst`, vitufe vya mwanga wa kioo huenda visifanye kazi mpaka uviandikie amri.

La hatari zaidi kwetu ni betri. Betri za mashine za mtumba nyingi zimechoka, na umeme ukikatika una dakika chache tu. Xfce ina meneja wake wa umeme: inakuonya, na ukiiagiza inalaza mashine kabla haijazimika. i3 tupu haikupigii onyo wala hailazi mashine ili kuokoa kazi yako. Kioo kinakuwa cheusi na ripoti yako imeondoka nayo. Kwa hiyo anayetaka i3, siku ya kwanza kabisa ashughulikie betri na flashi, rangi na picha za ukutani zije baadaye. Njia ninayowapendekezea wanafunzi ni kuweka Xfce kwanza na i3 pembeni yake kwenye mashine hiyohiyo. Siku ya mtihani unaingia Xfce, siku ya kujifunza unaingia i3.

KDE Plasma nayo inastahili haki yake. Ina sifa ya zamani ya uzito ambayo siku hizi haiistahili tena. Kwenye GB 8 ni nzuri mno, inafanana na Windows kwa mpangilio, na karibu kila kitu kinabadilishika bila kugusa terminali. Kama una diski ya kuzunguka, izime Baloo, ile programu yake ya kuorodhesha mafaili, maana huanza kuchimba diski wakati wewe unataka kufanya kazi. LXQt naiweka kwa mashine za GB 2. Chini ya hapo ni IceWM, na kama prosesa ni ya biti 32 ujue kwamba Debian 12 ndiyo ya mwisho kutoa kisakinishi cha mashine hizo.

Kuhusu Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye kioo unaochukua nafasi ya X11 ya mwaka 1987: kwenye GNOME na Plasma umeshakomaa, kwenye Xfce 4.20 bado ni wa majaribio, na i3 inaishi kwenye X11 tu, anayetaka mfano wake kwenye Wayland atumie Sway. Kwa mashine ya mtumba yenye kazi za ofisi, hilo lisikunyime usingizi.

Usichague kwa kusoma peke yake, hata makala hii. Chukua flashi ya GB 16 au zaidi, weka Ventoy, programu inayoifanya flashi iweze kuwasha kompyuta, nakili ndani yake Mint Xfce, Mint Cinnamon na nyingine unayoitamani. Utawasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuchagua ya kujaribu bila kugusa Windows yako. Ikienda polepole usiihukumu, flashi ndiyo inayochelewesha. Tazama `free -h`, tazama kioo, jaribu printa, jaribu waifai, mwite na mtu atakayeitumia aishike mwenyewe.

Na kama Linux tayari unayo, huhitaji kusakinisha upya. Kwenye Debian au Mint, `sudo apt install xfce4` au `i3` inatosha, kisha kwenye ukurasa wa kuingilia unachagua utaingia na ipi. Mbili kwa mashine moja zinatosha. Ukirundika nne, menyu inajaa programu za kufungulia mafaili na mipangilio inaanza kugongana.

Bando nalo ni la kufikiria, maana faili la Mint peke yake linakaribia GB 3. Shusha mara moja, gawana na wenzako kwa flashi. Kwa walioko Newala, Tandahimba au Nanyumbu ambako mtandao unasumbua, nawafanyia hivi: kwenye mashine ya mjini yenye toleo lilelile la mfumo na isiyo na Xfce, naandika `sudo apt-get install --download-only xfce4`. Vifurushi vinashuka bila kusakinishwa, vinakaa kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nakili mafaili yote ya .deb kwenye flashi, mpe anayepanda gari. Akifika anayaweka kwenye folda moja, anafungua terminali humohumo, anaandika `sudo apt install ./*.deb`. Kama mashine yake ina pengo la kifurushi fulani, apt, ile programu ya kusakinisha, itakitaja kwa jina. Anitumie jina hilo kwa meseji, nitakishusha kiende na gari la kesho yake.