Wanakuuzia aibu kwanza, dawa baadaye

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu matangazo yanayowaambia mwanamume au mwanamke anapaswa kuwaje. Tumechagua barua sita.

Nimechumbiwa, harusi ni baada ya miezi minne. Kila nikifungua simu nakuta krimu zinazosema bibi harusi lazima ang'ae. Shoga yangu amenichanganyia mkorogo wa makopo matatu. Nipake? — Mwali, Tanga

Usipake, dada. Na kama umeshaanza, soma jibu hili mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Tuanze na tangazo lenyewe, maana ndilo lililokufikisha kwenye makopo. Matangazo ya krimu hizi yameshonwa kwa mshono mmoja. Mwanzoni binti yuko peke yake, ameinama, taa ni hafifu. Katikati anapaka. Mwishoni amenyoosha shingo na mwanamume amegeuka kumtazama. Zima sauti, ulitazame tena, uhesabu vilivyobadilika mbali na ngozi: nguo, nywele, vipodozi, taa, tabasamu, mahali alipo. Kwa kawaida utafikisha vitano au sita. Kuhusu krimu hakuna kilichothibitishwa. Kilichopandwa kichwani mwako ni kwamba ukiwa mweusi hutazamwi, na mchumba uliyenaye tayari anakutazama!

Maneno nayo hubadilika. Mwaka 2020 Unilever iliondoa neno lenye maana ya weupe kwenye jina la Fair & Lovely, krimu iliyokuwa ikiuzwa India tangu 1975, ikaiita Glow & Lovely. Hapa kwetu "weupe" umekuwa "kung'aa", "kutakata", "rangi moja". Neno limelainishwa, shinikizo ni lile lile.

Sasa makopo. Vya kuogopa zaidi ni vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, huingia mwilini na kuharibu figo. Hupita kwa mtoto aliye tumboni, na huwafikia wa nyumbani kupitia taulo, shuka na mvuke. Kwenye boksi tafuta maneno *mercury*, *mercurous chloride*, *calomel* au *mercuric iodide*. Mara nyingi hayaandikwi. Ila ukiona onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha, alumini au mpira, hiyo ni dalili ya zebaki: zebaki huharibu vito, na mtengenezaji anajikinga na lawama za pete yako huku figo zako akiziacha.

Cha pili ni haidrokwinoni, *hydroquinone* kwenye boksi. Ikipakwa muda mrefu kwenye ngozi nyeusi inayopigwa na jua, huleta madoa ya rangi ya bluu iliyoiva, hasa mashavuni, na kuyaondoa ni kazi kubwa. Wengi wakiyaona huongeza krimu, na madoa huongezeka. Afrika Kusini iliichukulia hatua mapema: kanuni zake za 1990 zilipiga marufuku dawa za kuchubua kwenye vipodozi, na pia madai ya kung'arisha ngozi kwenye matangazo. Walijua kwamba ukiacha tangazo, kopo litarudi kwa jina jingine.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa *clobetasol propionate* 0.05%. Hii ni dawa ya hospitali. Ikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea mapajani na tumboni, na vidonda hukawia kupona. Kwa mwanamke atakayejifungua kwa upasuaji, hilo la vidonda si dogo.

Mkorogo ni hatari kuliko kopo moja kwa sababu hakuna ajuaye kiasi kilichomo. Kama umepaka kwa wiki moja au mbili, acha. Kama ni miezi, nenda kwa daktari wa ngozi na makopo yenyewe mkononi. Steroidi iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla, uso unaweza kuwaka moto, kuwa mwekundu na kuvimba. Wengi hudhani wanaihitaji krimu, wakarudi. Daktari hupunguza nguvu yake kwa hatua.

Miezi minne inatosha kwa hili: sabuni isiyo kali, mafuta ya kulainisha mara mbili kwa siku, na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, ukirudia kila saa mbili ukiwa juani. Usijaribu kitu kipya wiki mbili za mwisho. Krimu unayoishuku ipeleke TBS, shirika la viwango la Tanzania; vipodozi viko chini yao tangu 2019.

Binti yangu aliye chuo anasema wanawake kunyoa kwapa kulianzishwa na matangazo ya Wazungu. Kweli? — Mama, Malindi

Kwa Marekani, binti yako hayuko mbali na ukweli. Kwa Malindi, hapana.

Mwaka 1915 Gillette ilitoa wembe wa wanawake ulioitwa Milady Décolleté. Magauni yasiyo na mikono yalikuwa yameingia, nusu ya watu wa nyumba walikuwa hawajawahi kununua wembe, na matangazo ya wakati huo yakaanza kuziita nywele za kwapa aibu ya mwanamke. Za mwanamume zilibaki nywele tu.

Lakini Pwani kunyoa kwapa kumo katika sunna za maumbile, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa, na watu wameshika kwamba kusipite siku arobaini. Usafi huo haukuhitaji tangazo wala haukumdhalilisha mmoja mbele ya mwenzake. Mwambie binti yako apime kila tangazo la usafi hivi: je, jambo hili tumeambiwa sote, au ameambiwa mmoja peke yake?

Akitaka mfano mzuri zaidi, asome sigara. Kwenye maandamano ya Pasaka ya 1929 mjini New York, Edward Bernays, aliyekuwa akifanya kazi ya kampuni ya tumbaku, aliwapanga wanawake wavute sigara hadharani, akaziita mienge ya uhuru. Marlboro nayo ilianza miaka ya 1920 ikiwa sigara laini ya kike. Miaka ya 1950 ikapewa mchunga ng'ombe na farasi, ikawa ya wanaume. Uanamke na uanaume vilikuwa kwenye picha, si kwenye tumbaku.

Hata marashi: mwanamume wa Pwani amejifukiza udi na kujipaka atari kwenda Ijumaa tangu enzi, leo anaambiwa manukato ni ya kike mpaka chupa iwe nyeusi.

Nina miaka 38, nina mke na watoto. Matangazo ya redio na mitandaoni yananiambia mwanamume halisi hufika dakika 45. Nimeanza kujiona si lolote. Nimenunua unga, bado sijautumia. — Baba wa watatu, Mombasa

Kaka, uweke mbali huo unga, tuzungumze kwa hesabu.

Utafiti uliochapishwa 2005 uliwapa wenzi 500 wa nchi tano, Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, saa ya kupimia. Nusu ya wanaume hawakufika dakika 5.4. Aliyechukua muda mrefu kuliko wote alikuwa na dakika 44. Kwa hiyo tangazo limechukua kilele kisichofikiwa na mtu hata mmoja kati ya 500, likakifanya kuwa kiwango cha kila mume. Kwa ukubwa ni vivyo hivyo: mapitio ya 2015 yaliyokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 yalipata wastani wa sentimita 13.12 uume ukiwa umesimama. Ukijilinganisha na picha za matangazo, karibu kila mtu atajiona pungufu, na hilo ndilo lengo.

Kuhusu unga. Ukiambiwa ni mizizi mitupu isiyo na madhara, kisha ukaambiwa hufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, shuku. Huo ndio mwendo wa sildenafili (Viagra), dawa ya kiwandani ya kusimamisha uume, na mamlaka za dawa za nchi nyingi zimeikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Sildenafili si sumu ikitolewa na daktari. Ikifichwa, hujui kipimo. Kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za moyo, kama kidonge cha kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka akafa. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, nenda hospitali usiku huo huo. Usione haya, ukichelewa, uharibifu ni wa kudumu.

Kama kweli kuna tatizo la kusimama lililodumu miezi mitatu au zaidi, pima sukari na presha kabla ya kitu chochote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi mara mbili, ni kisukari. Presha ikikaa 140/90 kwenda juu, inahitaji tiba. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huziba mapema, na tatizo la chumbani laweza kuwa taarifa ya moyo iliyokuja miaka kadhaa kabla. Hapa ndipo matangazo haya yanaponikera kwa dhati: yanamzuia mtu kwenda kupima kwa kumwambia kwamba kilichopungua ni uanaume.

Zungumza na mkeo pia. Tangazo limemsemea bila kumuuliza.

Kwenye simu, bonyeza nukta tatu kwenye kona ya tangazo, lifiche, kisha fungua sehemu inayoeleza kwa nini unaliona. Mara nyingi utakuta umri wako, jinsia na mji. Ukilitazama mpaka mwisho, hata kwa hasira, mtandao huhesabu kwamba umelipenda.

Kwa nini wembe wa rangi ya waridi ni ghali kuliko wa buluu? — Msomaji, Nakuru

Kwa sababu watu hulipa. Mwaka 2015 idara ya walaji ya jiji la New York ililinganisha bidhaa karibu 800, ikakuta za wanawake ziko juu kwa wastani wa asilimia 7, na za usafi wa mwili asilimia 13. Gawanya bei kwa idadi ya nyembe, au kwa mililita. Soma viungo vitano vya kwanza. Vikifanana kwa mpangilio ule ule, chukua cha bei nafuu.

Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Amekataa kubeba sahani, anasema kwenye TV sabuni ni ya mama. — Mzazi, Dodoma

Hajakosea alichokiona. Usimgombeze, hesabuni pamoja. Chukueni karatasi, mgawe safu mbili, mtazame matangazo kumi: nani anafua, nani anakula, nani anaeleza kwa sauti ya kitaalamu jinsi sabuni inavyofanya kazi. Mara nyingi mwanamke anasugua, na sauti inayofundisha ni ya kiume. Mtoto wa miaka sita huona hilo haraka akipewa kalamu. Kisha baba aoshe sahani mbele yake, siku tatu mfululizo, bila hotuba.

Uingereza ina kanuni juu ya hili tangu tarehe 14 Juni 2019. Haikatazi mwanamke kuonyeshwa akipika. Inakataza, kwa mfano, familia kuchafua nyumba huku mwanamke peke yake akiachiwa kusafisha, au baba kushindwa kubadilisha nepi kwa sababu tu ni baba. Miongoni mwa ya kwanza kuzuiwa, Agosti mwaka huo, lilikuwa tangazo la jibini ya chapa ya Philadelphia, la akina baba waliopumbazwa na chakula mpaka watoto wakabebwa na mkanda unaozungusha sahani mgahawani. Wanaume nao walikuwa wametukanwa, na watu zaidi ya mia moja walilalamika.

Nina saluni ya kike na kinyozi chini ya paa moja. Nataka tangazo la kibao na la WhatsApp lisilomtukana mtu. — Mfanyabiashara, Kigoma

Ondoa kwanza sentensi zinazoanza na "mwanamke wa kweli", "mwanaume kamili" na "usimpoteze mumeo". Andika kazi, muda na bei: "Kusuka, saa 3 hadi 4. Kunyoa na kuchonga ndevu, dakika 30. Vifaa huchemshwa kila baada ya mteja." Piga picha wateja wako, kwa ridhaa yao ya maandishi, kwenye mwanga wa mchana, na usiwang'arishe kwa programu. Scrub ya uso na kupaka rangi ya nywele viandike kwenye orodha moja, si chini ya "wanawake". Wanaume watauliza wenyewe bei.