Maswali ya wasomaji: Rangi ya nje imeanza kubanduka

SWALI: Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za nje zimepigwa lipu. Miaka miwili iliyopita tulipaka rangi ya nje mikono miwili, tena si rangi ya bei rahisi. Sasa upande mmoja imevimba na kubanduka, zaidi pale chini karibu na ardhi. Fundi anataka apige mkono wa tatu. Tumkubalie?

JIBU: Msimkubalie. Mkono wa tatu utashika ule wa pili, na wa pili haujashika ukuta, kwa hiyo yote itadondoka pamoja. Kwanza okoteni kipande kilichobanduka mkigeuze. Kikiwa na unga unaopaka kidole, rangi ilipigwa juu ya vumbi la rangi ya zamani. Kikiwa kimeng'oka na mchanga, lipu yenyewe imechoka. Kikiwa kisafi, lakini ukutani kilipotoka kuna ukoga mweupe wa chumvi, hapo ni maji.

Kwa kuwa ubovu wenu uko chini, ningeanza na maji. Angalieni kama udongo au bustani vimepanda hadi usawa wa sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu hiyo kwa sentimita 15 angalau, na iteremke kwenda mbali na ukuta. Angalieni pia mfereji wa paa unaovuja na bomba linalomwaga maji palepale msingini. Nyumba nyingi za zamani hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, hivyo ukuta unakunywa maji ya ardhini na kuyatoa kupitia lipu. Rangi nzito ya plastiki inayaziba, nayo yanaisukuma mpaka ivimbe. Mkitaka uhakika, bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, mkizibe kwa utepe wa gundi pande zote nne, mkiache siku nzima. Matone yakijikusanya kwa ndani, ukuta bado umelowa. Zibeni chanzo, msubiri. Wiki kadhaa si nyingi.

Chumvi iondolewe kwa brashi kavu na unga wake uzolewe. Kuiosha ni kuirudisha ukutani.

Baada ya hapo kwangueni kila kilicholegea. Gongeni lipu kwa mpini wa bisibisi: penye mlio wa debe tupu pameachana na tofali, pakatwe hadi ufike penye mlio mzito. Kiraka kisiwe kigumu kuliko lipu inayokizunguka. Saruji nyingi husinyaa ikikauka na kupasuka pembezoni, kisha maji yanapita humo humo. Kwa lipu ya zamani isiyo ngumu sana, ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga zinafaa. Lipu nyeupe inayokwaruzika kwa ufunguo huenda ni ya chokaa tupu, nayo irekebishwe kwa chokaa, kisha ipakwe rangi ya chokaa au nyingine inayopitisha mvuke. Kiraka cha saruji kikae siku 28 kabla ya rangi, maana ukali wa saruji mbichi huharibu rangi.

Penye kijani au weusi wa ukungu, pakeni dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kipimo 1 kwa 4 vya maji, mwache dakika 15, msugue na kusuuza. Vaeni glavu na miwani, na kamwe msiichanganye na siki, asidi wala sabuni yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu.

Ukuta ukikauka, pitisheni kitambaa cheusi. Kikitoka cheupe, pakeni praima (rangi ya kutangulia) ya kushikisha unga, nyembamba, iingie ndani. Ikibaki inang'aa juu kama vanishi, mmezidisha, na rangi itateleza juu yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ningeilipia kabla ya rangi ya gharama.

Tahadhari moja: rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi. Msipige msasa mkavu. Lowesheni kwanza, tandikeni turubai chini, vaeni barakoa inayochuja vumbi laini, na watoto wakae mbali.

SWALI: Nitajuaje lita za kununua?

JIBU: Jumlisha urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha. Tuseme mzunguko ni mita 36 na kimo mita 3: ni mita za mraba 108. Toa 14 za milango na madirisha, zinabaki 94. Mikono miwili ni 188. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye lipu laini, lakini kwenye lipu ya kukwaruza hushuka hadi 5 au 6. Ukipiga hesabu kwa 6, utahitaji lita 31 na ushee, kwa hiyo chukua 35. Hakikisha ndoo zote zina namba ileile ya toleo, au zichanganye pamoja kabla ya kuanza, vinginevyo utaona mpaka katikati ya ukuta. Mkono wa kwanza huzimuliwa kwa maji kidogo, kwa kipimo cha kwenye ndoo.

SWALI: Kuna saa mbaya ya kupaka?

JIBU: Jua likiwa linapiga ukuta moja kwa moja. Rangi hukauka juu kabla haijashika, na kila rola ilipopita hubaki alama. Fuata kivuli ukizunguka nyumba, na ukifika katikati ya ukuta usipumzike. Malizia mpaka kona.

SWALI: Nyufa je?

JIBU: Zile za unywele hujazwa na rangi yenyewe. Zinazopita milimita 1 zipanue ziwe kama herufi V, toa vumbi, lowesha, jaza kijazio cha nje. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata matofali, au unaozidi kupanuka, fundi ujenzi auone kwanza: huo huenda ni wa msingi.