Kijana akikamatwa, tanguliza cheti cha kuzaliwa

Habari ya kijana kukamatwa ikifika nyumbani, familia nyingi za hapa Moshi huanza kuchangishana hela ya "kumtoa". Mimi nasema kwanza tafuteni karatasi inayoonyesha umri wake.

Mpwa wangu alikamatwa Pasua na wenzake kwa tuhuma za kuiba betri ya pikipiki. Ana miaka 16, ila ni mrefu na ndevu zimeshaanza kumtoka, basi kituoni wakamwandika 18. Cheti cha kuzaliwa hakikuonekana. Dada akatoa cheti cha ubatizo kwenye mfuko wa plastiki, askari akakisoma mara mbili, akaikata ile 18 kwa peni na kuandika 16 pembeni. Kama hamna cha ubatizo, kadi ya kliniki au barua ya shule nayo inasaidia.

Hiyo namba si jambo dogo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi yake husikilizwa Mahakama ya Watoto, bila watu kujazana, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na hata akikutwa na hatia hahukumiwi kifungo cha gerezani. Asipopata dhamana, mahali pake ni mahabusu ya watoto, na Moshi ipo, Arusha pia ipo. Akiachwa aitwe mtu mzima, atapelekwa gereza la Karanga kusota rumande na wakubwa zake, na mnajua wenyewe anachoweza kutoka nacho huko.

Akiandikwa maelezo, awepo mzazi au ndugu, na asisaini kabla hajasomewa.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeaminika, na kwa kawaida huenda na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji. Ukiambiwa utoe chochote, omba risiti uone sura zinavyobadilika. Ila mkisikia shtaka ni unyang'anyi wa kutumia silaha, jueni kwamba kwa mtu mzima kosa hilo halina dhamana. Kwa mtu mzima adhabu yake haipungui miaka 30, hivyo anayewaahidi "kuongea na wakubwa" anawala hela tu. Tafuteni wakili siku hiyohiyo. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria, kuna sheria yake tangu 2017.

Afisa ustawi akija nyumbani kuuliza habari za mtoto, mwambieni ukweli, hata ule wa utoro shuleni. Ripoti yake inafika kwa hakimu, na majirani watasema tu mkificha.

Kesi ya mpwa wangu bado inatajwa. Kila tarehe ikifika, mdhamini anampitia asubuhi na mapema waende wote, maana kijana asipotokea, atakayeitwa kujieleza ni yeye.